Pua ya Ukutani

Wageni wakiwepo kisiwani, nyumba zetu zinatakiwa zinukie karafuu, basi. Ukipika chenye harufu, kifaa cha ukutani tunachokiita pua kinapuliza karafuu na kukuripoti, na anayefukuzwa kazi hotelini ni mwanao.

Masika yakaingia, wageni wakaenda zao, pua zikazimwa. Nikampikia binti yangu Raiye papa mkavu kwa nazi. Nyumba nzima ikanuka papa, na wala sikufungua dirisha.

"Kula, mwanangu. Marehemu baba yako alikuwa muuza papa. Akirudi sokoni ananuka hivi hivi, nawe hutoki mapajani pake."

Raiye akajiziba pua na mdomo kwa mtandio.

"Mama, nisamehe," akasema, machozi yakimlengalenga. "Hebu iwashe ile pua, hata kidogo tu."