Mlango Uliolazwa Sakafuni

Sheria ilitaka sakafu ya kila nyumba ihisi nyayo na kutoa taarifa kwa askari, ili asiyeandikishwa humo asijifiche ndani. Mwanahawa alifundisha fizikia. Kaka yake Kibwana alipotoroka kambi ya kazi, Mwanahawa aling'oa mlango wa mninga, akamlaza juu yake chumba cha nyuma. Ubao mgumu haupindi. Uzito ukitandaa kwenye eneo kubwa, kanieneo hupungua. Kibwana aliinuka pale tu shemeji yake Shomari alipokuwa kazini, akivaa viatu vya shemeji huyo ili sakafu imdhanie yeye. Siku kumi na moja sakafu haikumtambua.

Asubuhi ya kumi na mbili askari waliingia bila hodi, wakaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Kibwana alitolewa miguu mitupu.

"Sakafu imewaambia?" Mwanahawa aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Sakafu ilihesabu watu wawili tu."

Mwanahawa aligeuka. Mumewe alikuwa mezani, anamenya chungwa.

"Wangetuchukua sote, mke wangu," alisema Shomari, akamsogezea nusu.

Mwanahawa alikaa. Jina lake halikuandikishwa nyumba nyingine yoyote. Akalipokea chungwa, akala.