Jina Chini ya Kidole

Kurasa zilikuwa zimeshikana kingo bila kukatwa tangu enzi za Malkia Victoria, na Resian alizipasua moja moja kwa kisu cha jikoni. Kilikuwa kitabu cha mizimu alichokinunua kwenye mitumba ya Kitengela, na hakuna aliyewahi kukisoma.

"Nani aliandika?" nyanya yake akauliza.

"Mama mmoja wa Uingereza, Kokoo. Alikufa kitambo."

Jina alilifunika kwa kidole gumba. Kwao Kisaju marehemu hatajwi. Hata jina la marehemu babu yake, Resian hakuwahi kulisikia.

"Ako na mtu wa kumkumbuka?"

"Sidhani."

"Basi mtaje, asipotee kabisa."

Resian akainua kidole, akalisoma. Nyanya akalirudia polepole, akapangusa ugoro puani.

"Na babu yako," akasema, "alikuwa anaitwa..."