Kandili ya Mzee Mshindo

Wenzake huwaonea wivu majirani. Mzee Mshindo aliwaonea wivu vifaranga. Jioni ile mkewe, Bi Mwanahawa, aliwazungushia duara la maboksi sebuleni, akawamwagia maranda, kisha akawaning'inizia kandili juu yao. Kandili yenyewe ni ile Mshindo aliyozoea kusomea gazeti. Wala hakuulizwa.

"Hata shuka langu umewapa," alisema.

"Upepo wa mlangoni utawaua, Baba Sikudhani."

"Mimi upepo huo huniburudisha, siyo?"

Bi Mwanahawa alicheka bila kugeuka. Alikuwa amepiga magoti, akipima joto chini ya taa kwa mgongo wa kiganja. Mshindo aliukumbuka mgongo ule wa kiganja. Zamani, akipiga chafya tu, ulikuwa hauchelewi kufika kwenye paji la uso wake.

Mkewe alipokwenda jikoni kuwachemshia maji, Mshindo aliichomoa kandili msumarini. Vifaranga walipiga kelele, wakakimbilia pale ilipokuwa, wakarundikana na kupandana. Akabaki amesimama ukutani, taa ameikumbatia kifuani, ameshinda na hana pa kwenda na ushindi wake.

Bi Mwanahawa alirudi, akatua sufuria. Hakumgombeza.

"Kifaranga hasemi ana baridi," alisema taratibu. "Unamtazama tu anavyojikunyata."

Akamtazama mumewe kweli. Akaipokea kandili kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akauinua, akauweka mgongo wa kiganja shavuni mwake, akatulia kama anayepima, na vifaranga wakilia miguuni pao.