Kibao Kisicho na Kioo

Hajira alivuta mstari mwingine, nao ukaenda upogo kama mbuzi aliyekata kamba.

Muuza duka, pale Ikwiriri, akacheka. "Nilikwambia, dada. Unachora hapa kwenye kibao, picha inatokea kule kwenye kompyuta. Kinawashinda wengi. Chukua hiki chenye kioo chake, uone unachokichora."

Chenye kioo alikipenda, ila bei yake ilikuwa ya kutazama na kupita. Na tayari muuzaji alikuwa anakirudisha kile cha bei nafuu kwenye boksi.

"Hebu ngoja, kaka!"

Alikuwa ameuona mkono wake mwenyewe. Kwenye kidole gumba kulikuwa na sugu ya miyaa. Tangu utotoni alisuka ukili wa mikeka barazani, macho kwa wageni, masikio kwenye umbea, na vidole havikupotea njia hata siku moja. Lini aliwahi kuvitazama?

Akakivuta tena kile kibao mbele yake. Akainua uso, akakaza macho kwenye kompyuta, mkono akauacha ujiendee.

Mstari ukanyooka. Ukapinda pale alipotaka upinde. Likaja shavu, likaja sikio, vikaja vindevu vya kuhesabika. Akamtupia muuzaji jicho, akarudi kwenye kompyuta, na kalamu haikusimama.

"Kumbe wewe umeshawahi kukitumia!" muuzaji akasema huku akicheka.

"Hata kukishika sijawahi. Funga mdomo kwanza, kaka, ndio naumalizia."