Mkasi wa Shamte

Mama Zuhena aliweka glasi ya maji kwenye kaunta ya duka la dawa, na kando yake vidonge viwili ndani ya kipande cha pakiti. Shamte, muuza dawa, ndiye aliyekikata kwa mkasi alipomuuzia binti yake. Jina la dawa lilibaki kwenye pakiti iliyobaki dukani.

"Kunywa," alimwambia Shamte.

Wateja kwenye foleni wakageuka.

"Mama Zuhena, hizo ni za usingizi tu."

"Na binti yangu anatumia dawa za bipola, ule ugonjwa wa akili. Ulimuuliza?"

"Alisema tu hapati usingizi."

"Basi akalala mpaka tukambeba. Daktari akaniuliza kameza nini, nikamwonyesha kipande kisicho na jina."

"Lakini ameamka, mama?"

"Ameamka. Kila nesi anayepita, binti yangu anamwita mama. Mimi ananiuliza ninamtafuta nani."

Shamte alifuta kaunta iliyokuwa safi.

"Nina kazi, mama. Siwezi kusinzia hapa."

"Naye alikuwa na kazi. Kunywa, nimekuja na kiti changu."

Akakikunjua katikati ya mlango, akaketi.

Shamte aliishika glasi. Nyuma ya foleni, mzee mmoja alikikunja cheti chake cha dawa polepole, akakirudisha mfukoni.