Swali la Digidigi

Mamba alijifanya mtahini wa kivuko cha mawe. Kila aliyetaka kuvuka mto aliulizwa maswali, na aliyekosa hata moja aliliwa.

Kiangazi kimoja akafika Digidigi, swala mdogo mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Mume wake alikuwa ng'ambo, akimsubiri tangu asubuhi.

"Mnyama gani mrefu kuliko wote?" Mamba aliuliza.

"Twiga."

"Ndege gani mkubwa kuliko wote?"

"Mbuni."

"Buibui ana miguu mingapi?"

"Minane."

Digidigi akatambua kwamba maswali hayatakwisha mpaka akosee.

"Bwana Mamba," akasema, "nami niruhusu nikuulize moja. Ukilipata, unile."

"Uliza, mama. Hakuna nisilolijua."

"Mnyama gani hawezi kutoa ulimi nje ya kinywa?"

Mamba akacheka. "Hayupo! Sote tunaweza."

"Basi nionyeshe wako."

Mamba akapanua taya, akasukuma. Akafumba macho, akajikamua kwa nguvu zake zote. Ulimi haukutoka, kwa kuwa ulimi wa mamba umeshikamana na sakafu ya kinywa chake. Alipofumbua macho, Digidigi alikuwa amekwisha kuyaruka mawe yote.

"Ulijuaje, mke wangu?" mume akamuuliza, akimlamba uso.

"Kila siku Mamba huota jua kinywa wazi. Ulimi wake sijauona ukitoka hata mara moja."

Kisha akalala majanini ubavuni mwa mumewe, akashusha pumzi, akaanza kucheka.