Udongo Ndani ya Friza

Hénock aliketi sakafuni, akaibana ndoo kwa mapaja, akavuta chuma kilichogandia ndani yake mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ndoo ilimfuata. Chuma hakikutoka.

"Bado kimeshika?" mama yake aliuliza kutoka jikoni, yaani hatua mbili tu kutoka kitandani.

"Kimeshika."

"Pole, Enjinia," alisema, akamwongezea kipande cha samaki kwenye sahani.

Chumba chao katika mtaa wa Bellevue kilikuwa na vitanda viwili, jiko la umeme, na friza kubwa ambamo mama alihifadhi samaki wa kuuza sokoni Yeoville. Tangu baridi ianze, kona moja ya friza ilikaliwa na ndoo ya udongo mwekundu uliolowa maji, na katikati yake chuma kimesimikwa kama nguzo. Wateja walipouliza, mama aliwajibu kwamba mwanawe amesoma chuo kikuu ili aje kugandisha matope.

Jambo lenyewe halikuwa mzaha. Kampuni moja ya nchi za baridi kali ilikuwa inatafuta mhandisi kijana. Huko, udongo wenye maji ukiganda hung'ang'ania nguzo za msingi, na kwa kuwa barafu huvimba, huziinua pamoja na nyumba iliyo juu yake. Milango haifungiki, kuta zinapasuka. Katika usaili, Hénock alitakiwa kuonyesha kwa video njia rahisi ya kuifanya nguzo iteleze, udongo uvimbe peke yake. Yeye aliamini kwa moyo wote kwamba hakuna mtu anayestahili kulala katika nyumba inayopasuka, popote alipo duniani. Alikuwa amebuni rangi yake mwenyewe, ya chupa za plastiki zilizoyeyushwa.

"Kikitoka chuma, mama, nami nimetoka," alisema huku akila.

"Na kisipotoka?"

"Nitabaki hapa nikuuzie samaki."

"Wewe? Utawahurumia wateja, uwape bure." Mama alicheka. "Toka, mwanangu, toka. Samaki wangu wananuka udongo. Denise wa pale sokoni ameniuliza kama ninawavua makaburini."

"Eish, mama. Nivumilie kidogo."

"Nimekuvumilia. Ila huko unakokwenda, nasikia mtu akipiga chafya, inaanguka chini kama kokoto. Vaa soksi."

Kila alipovuta, barafu ilishinda. Mama hakukosa kuuliza, na siku chuma kilipogoma zaidi alisonga bukari, ugali wa kwao, huku akiimba, ili, alivyosema, kumtia mwanawe moyo.

Siku moja kabla ya usaili, Hénock alikipaka chuma rangi yake kwa mara ya mwisho, akaanza kulowanisha udongo. Mama alimpokonya ndoo.

"Nenda kanunue data. Hii niachie mimi."

"Unajua kuushindilia?"

"Mimi ninayeshindilia samaki ndani ya friza, nitashindwa na udongo?"

Hénock akambusu kwenye paji la uso, akaondoka.

Kesho yake simu iliegemezwa kwenye kopo la maziwa. Upande wa pili walikaa watu wawili waliovaa sweta nene, wakimsikiliza akieleza kwa Kiingereza. Mama aliketi kitandani, nyuma ya simu, amefumba macho, midomo ikimchezacheza.

Hénock aliitoa ndoo kwenye friza, akaibana kwa mapaja, akavuta.

Chuma kilitoka kwa wepesi hata akaanguka chali.

Ndani ya simu walipiga makofi. Mwanamke aliyeongoza usaili alivua miwani na kusema kazi ni yake. Wangependa awe kwao kabla ya majira mengine ya baridi. "Ila tuambie," aliongeza, "hiyo si plastiki peke yake. Juu yake umepaka nini?"

Hénock alikigusa chuma. Vidole viliteleza. Alikinusa, akapata harufu ya zeituni. Angeweza kubuni jibu, lakini hakuwa mtu wa kubuni majibu.

"Naomba nimuulize mama yangu," alisema, kisha akamgeukia kwa Kiswahili. "Mama, ulipaka nini hapa?"

Mama alifumbua macho. "Mafuta ya upako. Yale ya mchungaji. Nilikipaka chote kabla sijakisimika."

Hénock alicheka huku machozi yakimlenga. Akampigia magoti pale kitandani, akaishika mikono yake yenye ubaridi wa samaki.

"Kumbe ni maombi yako yaliyokitoa, mama."

Mama alikuwa akilitazama tundu lililobaki kwenye udongo.

"Mimi niliomba kishike," alisema.